Mtaro Huombwa Kiangazi

Kwenye fremu ya mlango wangu wa jikoni kuna mistari saba ya penseli, kila mmoja na tarehe yake. Wa juu kabisa uko sentimita 41 kutoka sakafuni. Huo ni wa usiku mmoja wa Machi, maji yalipoingia saa mbili tukiwa tunakula, na kitu cha kwanza nilichoona ni kandambili za mwanangu zikielea kuelekea sebuleni. Tuliwapandisha watoto mezani, mume wangu akazima umeme kwenye meni suwichi, tukasimama gizani tukisikia friji likigonga ukuta. Alfajiri maji yalipotoka yaliacha tope la kimo cha kiatu. Unga, madaftari ya shule na cherehani yangu, vyote vilikuwa humo.

Naandika haya mwezi wa nane kwa makusudi. Mbeya sasa hivi ni vumbi na baridi, makorongo yamekauka, na ukimwambia mtu habari za mafuriko anakushangaa. Lakini huu ndio wakati wake. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na nilichojifunza kwa machungu ni kwamba mtaro wa kuzuia maji ya Machi huamuliwa mapema mno, watu wengi wakiwa hawana habari, kwenye karatasi za bajeti.

Mwaka ule tulifanya kama wanavyofanya wengi. Asubuhi tulikwenda ofisini watu kama thelathini, wengine na tope miguuni. Tulipokewa vizuri, tukapewa pole, likaja gari la kukagua, tukapata viroba vya kujaza mchanga. Tulipouliza mtaro utajengwa lini, tukajibiwa kwamba bajeti imeshapita. Niliondoka pale na hasira. Baadaye nilipoifuatilia kalenda yenyewe nikaona jibu lile lilikuwa la kweli. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele huanza kukusanywa mitaani miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda unaotangulia. Vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, vinachambuliwa na wataalamu wa halmashauri, vinapita kamati za kudumu, ikiwemo ile ya mipango miji na mazingira, kisha baraza la madiwani. Halafu vinakwenda mkoani, TAMISEMI (wizara inayosimamia serikali za mitaa), na Bunge linakaa na bajeti kuanzia Aprili. Anayekuja Machi na machozi anakuta daftari limefungwa. Maombi yake, yakisikilizwa, ni ya mwaka mwingine.

Kwa hiyo nendeni mkutano mkuu wa mtaa wakati wa kiangazi, na msiende mikono mitupu. Sentensi ya "tunaomba mtaro" imeandikwa kwenye mihtasari ya mitaa mingi ya nchi hii, na inakaa humo humo. Sisi tuliiandika mara mbili. Mara ya tatu tuliamua kuupima mtaro wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo futi ninayo. Jumamosi moja ya Septemba tulipanda watu watano hadi karibu na mikaratusi chini ya Mlima Loleza, tukashuka taratibu tukifuata njia ya maji, kijana wa kidato cha nne akiandika. Tulikuwa tumeamini miaka yote kwamba tatizo ni mtaro wetu kujaa taka. Taka zilikuwepo, tena nyingi. Lakini tulipofika kalavati la chini, pale maji yanapovuka barabara, nilipima mara tatu nikidhani nimekosea. Mtaro unaoleta maji una upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 90. Bomba la kalavati linaloyapokea lina kipenyo cha sentimita 60. Kijana akapiga hesabu hapo hapo: mdomo wa bomba ni kama robo tu ya mtaro. Robo tatu ya maji, mtaro ukijaa, yanakwenda wapi? Yanarudi nyuma, yanapanda ukingo, yanaingia jikoni kwangu. Hata tungezibua kila siku, lile bomba lisingetosha.

Huko juu tuliona la pili. Viwanja vitatu vipya vilikuwa vimezungushiwa ukuta, na ukuta mmoja ulikuwa umekata kabisa mkondo mdogo wa zamani. Maji ya mkondo ule sasa yanashuka na njia ya watu hadi kwetu. Mwenye ukuta si mtu mbaya. Alinunua wakati wa jua, hakuona mkondo wowote.

Tulichora yote hayo kwenye karatasi ya manila. Kila nyumba iliyoingiwa na maji tuliweka kimo na tarehe, na mistari yangu ya penseli ikawa ya kwanza kuandikwa. Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hii kwa ukubwa kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakichora mitaro na maeneo yanayofurika kwa simu na GPS. Sisi tulikuwa na kalamu za rangi, na zilitosha.

Kitu kingine tulichoongeza ni kipimo cha mvua. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu, liweke mahali pa wazi mbali na bati na miti, pima kwa rula kila mvua inapokatika, andika na muda iliyonyesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa inazungumzia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Daftari letu likatuonyesha kwamba kwetu si lazima ifike huko. Mvua ya milimita 28 iliyoshuka mchana kwa dakika arobaini ilituingilia ndani, na nyingine ya zaidi ya 50 iliyonyesha pole pole usiku kucha haikuvuka kizingiti. Mtaalamu wa mipango miji aliyekuja kututembelea alilifungua lile daftari akakaa nalo muda mrefu, kisha akaomba kupiga picha kila ukurasa. Aliniambia, "Mama, nina ramani ya mji mzima, lakini hiki sina."

Sasa, barua inapelekwa wapi? Hapa tulipoteza karibu mwaka, na ningependa wengine wasiupoteze. Mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe wengi. Ukiwa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, unahusu TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukiwa kwenye barabara za mitaa, unahusu TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Mto na kingo zake vinasimamiwa na bodi ya maji ya bonde. Taka, vibali vya ujenzi na mpango wa matumizi ya ardhi ni vya halmashauri. Barua yetu ya kwanza ilikaa ofisi moja miezi mitano ndipo ikajibiwa kwamba kalavati si lao. Siku hizi tunaandika barua moja, tunataja kila ofisi na kipande chake, nakala kwa wote na kwa diwani, tunaambatisha mchoro, na hatuondoki masijala bila nakala yetu kugongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule una tarehe. Mwakani ukirudi, huanzi upya.

Kalavati lile lilibadilishwa, likawekwa la boksi, la zege lenye mdomo wa pembe nne, mwaka mmoja baada ya kuahidiwa. Nashukuru kwa moyo wote. Ila msimu huo huo, kwenye kikao cha kata, alisimama mzee wa mtaa wa chini akasema, "Wanangu, mmefurahi, lakini maji yenu sasa yanatufikia kwa kasi ambayo hatukuijua." Ukumbi ulinyamaza. Alikuwa na haki. Mtaro mkubwa haupunguzi maji, unayahamisha haraka. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba mpango wa mafuriko ni saruji na mawe peke yake.

Piga hesabu ya bati lako. Nyumba ya mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 50, inamwaga lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita ishirini. Mtaa wenye nyumba mia mbili za namna hiyo unamwaga lita 1,200,000 kutoka juu ya mabati tu, kabla hujahesabu lami na ua uliopigwa sakafu ya saruji. Zamani maji hayo yalikuwa yanazama kwenye migomba na mashamba ya viazi. Ndiyo maana naisihi halmashauri yetu, na madiwani wanaosoma hapa, ombi la kibali cha ujenzi lionyeshe maji ya bati yanakwenda wapi, na sheria ndogo iwe na meno juu ya hilo. Tangi, shimo la kuzamisha maji, bustani, chochote, lakini yasiachiwe jirani. Na maeneo ya wazi yaliyobaki yasiuzwe. Kiwanja cha mpira kilichochimbwa chini kidogo kinaweza kushika maji kwa saa mbili tatu, yakashuka taratibu, na kesho watoto wakacheza. Pendekezo hilo tumeliandika. Bado halijatekelezwa, na tutaliandika tena.

Nimalizie habari ya usafi, ambayo kila mtu anaifahamu, kwa jambo moja tu. Mkizibua mtaro mwezi wa kumi, lile tope msiliache ukingoni. Mvua ya kwanza ya Novemba inalirudisha lote ndani. Ombeni gari la kulibeba kabla hamjashika jembe, na likikosekana, ahirisheni kazi mpaka lipatikane.

Kwa anayetafuta kiwanja, nasema kama mama yako: usinunue kiwanja cha mteremkoni au bondeni ambacho umekiona kiangazi tu. Rudi Februari au Machi, mvua ikinyesha. Angalia kama kuna matete, mawe ya mviringo, mchanga uliojipanga, alama ya tope kwenye kuta za jirani. Ongea na bibi aliyezaliwa hapo. Mimi niliambiwa "hili korongo limekufa," nikaamini kwa sababu bei ilikuwa nzuri na karatasi ya mauziano iligongwa muhuri mbele yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sikuijua. Waliokuwepo siku ya kuuziana hawakunitajia. Wenyeviti wa mitaa, nawaombeni kwa heshima: kabla ya kugonga muhuri, nendeni mkapime hizo mita. Familia itakayoweka akiba yake yote pale itawapigia ninyi simu usiku.

Na kuna hatari ambayo hakuna mtaro unaoiweza. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang' liliua watu zaidi ya 80 kule Manyara. Aprili 2024 ilikuwa zamu yetu, tope kutoka Mlima Kawetele likaporomoka Itezi, hapa hapa jijini Mbeya, likafukia nyumba na shule. Tunaoishi chini ya milima ya Mbeya tujifunze dalili zake na tuwafundishe watoto: nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, chemchemi kutokea pasipokuwa nayo, na maji ya korongo kupungua ghafla huku mvua ikiendelea, au kugeuka tope zito. Ukiona maji ya korongo yamebadilika hivyo, ondoka bondeni upande wa pembeni, usibebe kitu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Ulizeni ya kata yenu ni akina nani na mara ya mwisho walikaa lini. Sisi tumewapa orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wasioweza kutembea, na nyumba ya nani itafunguliwa usiku kuwapokea. Kila safu ya nyumba ina mtu mmoja mwenye filimbi.

Kipande cha juu, pale ukuta ulipokata mkondo, bado. Mwenye ukuta amekubali tundu litobolewe, iwapo atachorewa na fundi na apewe barua ya halmashauri. Mchoro upo tayari. Barua yetu niliipeleka Jumanne, nikasubiri dirishani mpaka nakala ikagongwa muhuri. Mkutano wa mtaa ni wiki ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, na nimeomba kila nyumba ije na futi au kamba na kimo cha maji cha msimu uliopita.