Safari ya Uswisi: Aprili au Septemba?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba utasafiri na mama yako mwenye presha, kwamba mnataka kuona milima na maziwa wala si kuteleza kwenye theluji, na kwamba mmebakiwa na Aprili au Septemba. Ningechagua Septemba. Mwezi wa Aprili mabonde huwa yameanza kuchanua, lakini njia za juu bado zimefunikwa na theluji, barabara ya Furka inayopita juu milimani huwa imefungwa, na baadhi ya magari ya kebo husimamishwa kwa matengenezo, hivyo mnaweza kulipia hoteli ya bei kubwa (na Uswisi si nchi ya bei nafuu) mkaishia kutazama mawingu. Septemba njia hizo huwa wazi, msongamano wa Julai na Agosti umepungua, na wafugaji huteremsha ng'ombe wao kutoka malishoni, wamevishwa maua na kengele kubwa shingoni.

Bebeni hata hivyo makoti mazito. Kituo cha treni cha Jungfraujoch kiko mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, theluji haikauki na hewa ni nyepesi, kwa hiyo mama amwone daktari kabla hamjakata tiketi ya huko. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Uswisi imo, huweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Msingoje hadi zibaki wiki chache.