Kama kompyuta inakokotoa, mnapima ya nini?

SWALI: Mpwa wangu anasomea uhandisi chuo kikuu. Anasema maabara yao hupima nyuga za sumakuumeme, yaani nguvu za umeme na sumaku zilizoenea angani kama mawimbi ya redio, kisha huziunda upya kwenye kompyuta. Kwa nini kazi moja ifanywe mara mbili?

JIBU: Si kazi moja, ndugu msomaji. Modeli, yaani uga unaoundwa kwenye kompyuta, huanzia kwenye milinganyo ya mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1865. Katika mbinu ya mtafiti Kane Yee ya mwaka 1966, nafasi yote hukatwa vijichumba, na uga hukokotolewa katika kila kimoja, hatua kwa hatua. Kwenye megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi. Kijichumba lazima kiwe kidogo sana kuliko wimbi, hivyo kwa kawaida hakizidishwi sentimita 3. Ukikata vikubwa mno, utapata picha ya kupendeza isiyo ya kweli.

Lakini kompyuta inajua tu ulichoiambia. Ukuta una unyevu kiasi gani? Nyaya zimepita wapi? Nilipokuwa mwanafunzi, modeli yangu na vipimo vilikataa kulingana kwa wiki nzima. Kumbe waya wa antena nao ulikuwa unarusha mawimbi, nami sikuuingiza kwenye modeli. Bila kupima nisingeugundua kamwe.

Hata mwili wa mpimaji huvuruga uga, ndiyo maana kihisi huwekwa kwenye nguzo ya plastiki nawe ukasogea mbali.

Mwambie mpwa wako aombe kuingia chumba kisicho na mwangwi, kama wanacho. Kuta zake hujaa piramidi za sponji yenye kaboni, zinazomeza mawimbi.