Maswali yenu kuhusu ile Danaë ya dola milioni 30

Juzi niliandika kuhusu Danaë, picha iliyochorwa na Orazio Gentileschi, Mtaliano, ikapigwa mnada kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, New York, tarehe 28 Januari 2016 ikaenda kwa dola milioni 30.5. Inbox ikajaa. Nayajibu haya machache, mengine yatasubiri.

Huyo dada mbona kalala tu, stori yake ni ipi?

Ni ya Wagiriki wa kale. Mfalme Acrisius wa Argos alitabiriwa kwamba mjukuu wake ndo atakayemuua, sasa mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyu Danaë, akaona dawa ni kumfungia kwenye chumba cha shaba asionane na mwanaume yeyote, basi. Zeus, mkubwa wa miungu, wala hakuhangaika na kufuli, akajigeuza mvua ya dhahabu akaingilia juu. Akazaliwa Perseus, miaka ikapita, siku moja Perseus yuko kwenye michezo karusha kisahani kikampata babu yake, kwisha habari. Orazio kaikamata ile dakika mvua inaanza: binti yuko kitandani, mkono kaunyanyua, katoto kenye mabawa kanavuta pazia zito la kijani, na kinachodondoka si matone jamani, ni sarafu na vipande vya dhahabu vilivyojikunja kama maranda ya seremala.

Ule mkono anapokea au anazuia?

Hapo ndo utamu wenyewe. Mi kila nikiangalia nabadilisha jibu. Leo nasema anapokea.

Kuna sehemu nimesoma iliuzwa milioni 27, wewe unasema 30.5, nani muongo?

Hakuna muongo. 27 ni pale dalali alipogonga nyundo, halafu mnunuzi anaongezewa kamisheni ya nyumba ya mnada, na hii wengi hamuijui. Kwa viwango vya Sotheby's vya wakati ule ilikuwa asilimia 25 kwenye dola 200,000 za mwanzo, hiyo ni 50,000, kisha asilimia 20 mpaka kufika milioni 3, hiyo 560,000, halafu asilimia 12 kwa kilichobaki, yaani milioni 24, unapata milioni 2.88. Jumlisha uone: kama milioni 3.49 juu ya bei, kwa hela yetu ni zaidi ya bilioni 7 za Kitanzania kwa rate ya mwaka ule, na hiyo ni ya dalali tu! Muuzaji naye kwa kawaida ana makato yake, ila mwenye mali ya kugombaniwa hubembelezwa mpaka anasamehewa.

Nani kanunua, na kwa nini atoe hela yote hiyo kwa picha moja?

Ni Getty, jumba la makumbusho la Los Angeles, na kwao haikuwa picha moja. Miaka ya 1620 mwanzoni tajiri wa Genoa, Giovan Antonio Sauli, alimwagiza Orazio picha kubwa kubwa tatu: Danaë, Lutu na binti zake, na Maria Magdalena akitubu. Baadaye zikatawanyika kama mali za urithi zinavyotawanyika. Sasa Getty walishampata Lutu tangu 1998, kwa hiyo Danaë alipotokea mnadani walikuwa wanamfuata dada mtu, na wewe unajua mtu anayetafuta pea ya kitu chake hana ubavu wa kukuambia punguza bei. Wakazipata mbili kati ya tatu. Makisio ya kabla ya mnada yalikuwa kati ya milioni 25 na 35, so wala hawakupigwa.

Nasikia kwenye makumbusho ya Cleveland, Marekani, kuna Danaë kama huyo huyo. Kimoja si feki hapo?

Hapana bwana. Orazio alikuwa na tabia ya kurudia picha iliyompendeza mteja, na ya Cleveland nayo inajulikana ni kazi yake. Feki zipo lakini, usijidanganye. Mwaka 2011 iliuzwa picha ya mwanaume iliyosemekana kachora Frans Hals, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, kwa karibu dola milioni 10, mwaka 2016 wakapima rangi wakakuta kuna za kisasa ndani, mnunuzi akarudishiwa hela yake. Ndo maana watu wanakomaa na historia ya umiliki, nani alikuwa nayo lini, maana macho peke yake yanadanganywa.

Mbona picha ya juzi juzi inaishinda bei ya miaka 400?

Kweli inaishinda, mwaka 2017 picha ya 1982 ya Basquiat, mchoraji wa Marekani, ilienda dola milioni 110.5. Za zamani zilizo nzuri nyingi zishaingia makumbusho na hazitoki, baadhi ya zinazobaki ni kubwa kama hii, upana zaidi ya mita 2, halafu lazima ujue stori ya miungu ndo uifaidi, na tajiri wa leo anataka kitu mgeni akiingia sebuleni anakitambua hapo hapo. Mi naona wanakosea, ila hela ni zao.

Naweza kuiona bure?

Ndio, Getty Center hakuna kiingilio, unabuku muda tu. Ukienda na gari utalipa parking. Viza sasa, hilo swali sio la kwangu.