Nguvu ya mpigo hujaiandika

Wiki hii barua zote ni za polima zinazopitisha umeme na leza za mipigo mifupi.

Mwalimu, plastiki inapitishaje umeme? (Bungoma)

Hili limeulizwa tena na tena. Bondi moja na bondi mbili zinazopokezana kwenye mnyororo wa kaboni hufanya polima kuwa nusu-kipitishi. Ukiitia iodini au kitu cha namna hiyo, inapitisha umeme kwelikweli. Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walilionyesha mwaka 1977, wakapewa Nobeli mwaka 2000. Ukiniandikia tena, uliza la zaidi ya hapo.

Kwa nini femtosekunde? Nanosekunde haitoshi? (Njoro)

Femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya nanosekunde, nayo nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukichanganya polima na fulereni (molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, inayopokea elektroni) kisha ukaimulika, elektroni huruka kwenda kwenye fulereni kwa muda usiofika femtosekunde 100. Mwenye kifaa cha nanosekunde anafika matanga yameshaanuliwa.

Hakuna saa ya umeme inayofukuzana na kasi hiyo, kwa hiyo muda tunaupima kwa umbali. Mpigo mmoja wa leza unasisimua sampuli, wa pili unakuja nyuma yake kupima. Huo wa pili tunaucheleweshea njiani kwa vioo vinavyosogea: visogeze nyuma mikromita 15, mwanga unaongezewa mikromita 30 za kwenda na kurudi, nawe umepata femtosekunde 100.

Nimepima filamu (utando mwembamba) ya P3HT, mojawapo ya polima hizi; eksitoni inaishi pikosekunde 20. Mwenzangu amepata zaidi ya 300. Nani amekosea? (Kisumu)

Kwa wasiojua: eksitoni ni elektroni iliyosisimuliwa na mwanga ikiwa imefungamana na tundu ililoliacha, na pikosekunde ni femtosekunde elfu moja. Nguvu ya mpigo wa kusisimua iko wapi? Barua nzima haimo, na wewe si wa kwanza. Namba ya uhai wa eksitoni isiyoandamana na nishati kwa kila sentimita mraba haina maana, hata ikiwa na desimali nne.

Jumapili moja nenda soko la Kibuye ujaribu kupima mwendo wa mtu mmoja. Utapima msongamano. Ndivyo ilivyo kwenye filamu: eksitoni hutangatanga nanomita kumi hivi kabla ya kufa, na ukizimwagia mwanga mwingi zinakutana, moja inaimaliza nyingine. Mchoro wa ishara kwa muda unaporomoka haraka, nawe unadhani umegundua jambo.

Punguza nguvu kwa nusu, upime. Punguza tena. Endelea mpaka umbo la mchoro liache kubadilika, hapo ndipo uanze kuzungumza juu ya uhai. Ishara itakuwa dhaifu na utakesha ukikusanya wastani, lakini hakuna njia ya mkato. Nami niliwahi kupoteza miezi mitatu kwa mchoro wa namna hii, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Filamu yako ulipimia hewani? Mwanga na oksijeni huiharibu P3HT. Ifunge ndani ya nitrojeni, na upime ufyonzaji wake wa mwanga kabla na baada. Ukiona tofauti, data hiyo itupe.

Chuo chetu hakina leza ya femtosekunde. Nibadilishe mada? (Kakamega)

Usibadilishe. Spektromita ya kawaida (kifaa cha kupima mwanga kwa kila rangi) ya ufyonzaji na ya mng'aro, yaani mwanga ambao polima iliyomulikwa huutoa, inakutosha kuanza. Tia fulereni kidogo kidogo uone mng'aro wa polima unavyozimika. Hilo halithibitishi kwamba chaji imehama, maana hata nishati yaweza kuhama bila chaji, ila linakupa swali linalostahili femtosekunde. Ukishalipata, omba muda kwenye maabara za wengine. African Laser Centre, yenye makao Afrika Kusini, huwaunganisha watafiti wa bara hili. Wengi huanza kwa kulilia mashine, na wakiipata hawana la kuiuliza.

Miwani ya leza ni lazima? Mwali wenyewe hauonekani. (Nakuru)

Ni lazima, na kutoonekana ndiko hatari yenyewe. Mwanga wa nanomita 800 jicho huuona kwa shida, kwa hiyo hutapepesa, lakini lenzi ya jicho inaukusanya wote kwenye retina. Vua saa na pete, zinaakisi. Ukiangusha bisibisi, ziba mwali kwanza ndipo uiname.