Mashujaa wa Daudi: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu orodha mbili za mashujaa wa Mfalme Daudi: 2 Samweli 23:8–39 na 1 Mambo ya Nyakati 11:10–47. Fungua zote mbili kabla hujaendelea, ikiwezekana katika Biblia mbili.

Wanaitwa "wale thelathini". Mbona Samweli anafunga hesabu kwa 37?

"Thelathini" ni jina la kikosi zaidi kuliko idadi kamili. Hesabu hivi: watatu wa kwanza (Yoshebu-Bashebethi, Eleazari na Shama), kisha Abishai na Benaya. Hao ni 5. Kuanzia Asaheli, aya ya 24, hadi Uria, aya ya 39, utapata 32, ikiwa "wana wa Yasheni" wa aya ya 32 umewahesabu kuwa mtu mmoja, na Yonathani na Shama Mharari umewafanya watu wawili. Jumla 37. Tatizo ni kwamba Biblia nyingine husoma "Yonathani mwana wa Shama", na hapo mmoja anapungua. Ndipo wafafanuzi wengine humwingiza Yoabu ili hesabu itimie. Tazama Biblia yako inasomaje kabla hujabishana na mwenzako.

Wengi hukosea pia kwa kuhesabu jina tupu. Shama wanaweza kufika watatu, Benaya wako wawili, Ira wawili. Soma jina pamoja na mji au ukoo wake. Tena orodha haifuti marehemu: Asaheli aliuawa na Abneri, jemadari wa nyumba ya Sauli, Daudi akiwa bado Hebroni, na jina lake limebaki. Inaelekea waliokufa walipata warithi, na majina yakazidi 30.

Yoabu alikuwa jemadari mkuu. Kwa nini hana nafasi yake?

Anatajwa, ila kwa mgongo wa wengine: Abishai na Asaheli ni ndugu zake, na Naharai Mbeerothi alimchukulia silaha. Sababu haijaandikwa. Jibu jepesi ni kwamba aliyekuwa juu ya jeshi lote hahesabiwi ndani ya kikosi. Wapo wanaosema alifutwa kwa sababu aliwaua majemadari wenzake, Abneri na Amasa. Mimi naona hilo ni gumu: Mambo ya Nyakati, sura hiyohiyo ya 11, inamsifu kwa kuwa wa kwanza kuuingia mji wa Wayebusi, yaani Yerusalemu, na bado haimpi nafasi yake kati ya mashujaa.

Shamba ambalo shujaa alililinda dhidi ya Wafilisti lilikuwa la adesi au la shayiri?

Samweli anasema adesi, na aliyelisimamia ni Shama mwana wa Agee. Mambo ya Nyakati inasema shayiri, na aliyetajwa hapo ni Eleazari, kule Pas-damimu. Shama huyo mwana wa Agee hayumo kabisa. Weka 2 Samweli 23:9–12 kando ya 1 Mambo ya Nyakati 11:12–14, usome polepole. Katika Samweli, Wafilisti wanakusanyika mara mbili: kwanza kwa Eleazari, halafu kwa Shama. Jicho la mnakili likiruka kutoka mkusanyiko wa kwanza hadi wa pili, ushindi wa Eleazari na jina la Shama vinaanguka pamoja, na shamba linabaki mikononi mwa Eleazari. Ndivyo ilivyo katika Mambo ya Nyakati. Kuhusu zao lenyewe, maneno ya Kiebrania ya adesi na shayiri yana herufi zinazofanana na ni rahisi kuchanganywa.

Kwa mkuu wa watatu, Yoshebu-Bashebethi, ni hivyohivyo: Samweli ana 800 waliouawa, Mambo ya Nyakati 300. Abishai naye ana 300, kwa hiyo huenda tarakimu ya mmoja ilimwangukia mwingine.

Je, wote walikuwa Waisraeli?

Hapana. Uria ni Mhiti, Seleki ni Mwamoni, Igali anatoka Soba, nchi ya Waaramu. Mambo ya Nyakati inaongeza majina 16 baada ya Uria, na humo yumo Ithma Mmoabi.

Eliamu wa aya ya 34 ndiye baba yake Bath-sheba?

Yaelekea. Aya hiyo inamwita Eliamu mwana wa Ahithofeli Mgiloni, na 2 Samweli 11:3 inamwita Bath-sheba binti Eliamu. Wakiwa ni mtu mmoja, Daudi alichukua mke wa shujaa wake Uria, binti wa shujaa mwingine, mjukuu wa mshauri wake. Sasa soma sura ya 15 hadi 17, Ahithofeli anapomfuata Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake.

Benaya alimshindaje yule Mmisri?

Mmisri alishika mkuki. Benaya alishuka na fimbo tu, akamnyang'anya mkuki ule mkononi, akamuua nao. Urefu wa Mmisri, dhiraa 5 (kama mita 2.25), uko katika Mambo ya Nyakati pekee. Benaya huyu aliongoza walinzi wa Daudi, na baadaye, kwa amri ya Sulemani, ndiye aliyemuua Yoabu na kuchukua nafasi yake juu ya jeshi.