Kaka Kala Urithi, Watu Wanasema Kabarikiwa

"Shangazi, shikamoo. Naanika na kuuza dagaa Kibirizi, Kigoma. Baba alipofariki, kaka yetu aliuza kiwanja cha baba cha Ujiji, sisi dada zake watatu hatukuona hata shilingi. Leo ana mitumbwi minne, na juzi kachangia mabati ya msikiti. Nikidai, wazee wananiambia, 'Angekuwa dhalimu, Mungu asingemfungulia.' Mimi mtaji umekata. Nimeanza kujiuliza, labda mwenye kosa ni mimi?"

Marahaba, mwanangu. Kosa huna. Na hilo neno la wazee limeniuma, maana aliyedhulumiwa anabebeshwa dhambi pia.

Mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unaujua kuliko mimi. Dagaa hufuata taa. Usiku wa giza wanakusanyika, mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, na hawaulizi taa imenunuliwa kwa pesa gani. Wangapi umewaona wakiiba nyavu za wenzao, na kukicha wanashusha mzigo kumzidi mwenye nyavu? Kisha kumbuka uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mitumbwi ililala nchi kavu, ya mwaminifu na ya tapeli. Kama mtumbwi kujaa ni ushahidi wa wema, miezi ile mitatu Kigoma nzima tulifanya kosa gani?

Wazee wako waifungue Sura ya Al-Fajr katika Qur'ani, aya ya 15 na 16. Binadamu akineemeshwa husema Mola wake kamtukuza. Akibaniwa riziki, husema kamdhalilisha. Jibu linalofuata ni kukanusha: sivyo! Halafu wasiishie hapo, wasogee hadi aya ya 19, wanapolaumiwa watu wanaokula urithi kwa pupa. Mwanangu, niliposoma barua yako ndiyo aya iliyonijia kwanza.

Mabati ya msikiti hayalipi deni la dada. Katika mirathi ya Kiislamu binti ana fungu lake, nusu ya fungu la kaka yake, na si hisani ya mtu. Chukueni cheti cha kifo cha baba, mwende Mahakama ya Mwanzo mkaulize kama yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Kama ni kaka, atatakiwa aeleze kiwanja kiliuzwaje na pesa zilikwenda wapi. Kama hayupo, fungueni shauri la mirathi. Usiende peke yako. Nendeni wote watatu.