Kwa nini Jenerali David Musuguri aliheshimiwa hivyo

Ndugu, umeuliza kwa nini kifo cha mzee wa miaka 104 kiliwagusa watu wengi kiasi kile. Jenerali David Musuguri, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki Oktoba 2024, aliingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, mwaka 1942, akapelekwa Madagascar wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha baada ya uhuru akaendelea kulitumikia taifa lake mwenyewe. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, ndiye aliyekabidhiwa Divisheni ya 20 ya jeshi la Tanzania, ambayo Machi 1979 ilipigana vita vikali Lukaya, nchini Uganda, ambako wanajeshi wetu walirudishwa nyuma kwanza kabla ya kujipanga upya na kushinda, na hatimaye Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwalimu Nyerere alimteua Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, wadhifa alioushika hadi 1988. Mimi binafsi namheshimu zaidi kwa jambo lisilotajwa sana: alistaafu kwa utulivu, akarejea Butiama, akaishi miongoni mwa watu wake.